Presha ya mapafu haionekani mkononi: yaliyompata dada yangu hapa Lamu

FundiBoti_Amu

Assalam aleykum wadau. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo lilituzungusha nyumbani karibu miaka miwili, na naamini kuna nyumba nyingine inazungushwa nalo sasa hivi.

Dada yangu ana miaka 34 na watoto watatu. Nyumba yetu iko Mkomani, zile za mawe za kale, na ngazi zake mnazijua: nyembamba, zimesimama wima, kila kidato na kimo chake. Mimba ya tatu ndiyo iliyomfanya aanze kusimama kidato cha tano apumue. Tukasema ni tumbo. Mtoto akazaliwa, tumbo likaondoka, kusimama kukabaki. Mtoto alipotimiza mwaka, mama yake anasimama kidato cha tatu, na usiku analala kwa mito mitatu kwa sababu akijinyoosha anaona kama kawekewa gunia kifuani.

Tulimpeleka. Sitataja wapi, na hapakuwa mahali pamoja tu. Kila tulipoingia alifungwa mashine ya presha mkononi: 108 kwa 70, siku nyingine 110 kwa 72. "Presha yako nzuri kuliko yangu," mmoja alimwambia, akacheka. Akapewa dawa ya pumu ya kuvuta. Mahali pengine vidonge vya kuongeza damu. Mara ya tatu akaambiwa ni mawazo, apunguze mawazo. Mamangu naye akatafuta kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, dada akanywa siku saba. Sikebehi kombe, nililifuata kwa miguu yangu mwenyewe, na dua haijakoma hata leo. Lakini kidato cha tatu kikawa cha pili.

Halafu likatokea jambo ambalo mpaka sasa likinijia usiku sipati usingizi. Akapata nafuu ya kulala. Mito mitatu ikawa miwili, ikawa mmoja. Tukashukuru, mamangu akapika mkate wa mofa akawagawia jirani. Mwezi huohuo miguu ikaanza kuvimba, kandambili zinaacha alama. Na siku moja anarudi kutoka Langoni na kikapu chake akaanguka. Hakujikwaa, alizimia. Punda wenye mchanga wakasimama nyuma yake, kichochoro kikaziba, watu wakambeba juu kwa juu.

Ndipo tukavuka Mokowe, basi mpaka Malindi, na huko akapimwa moyo kwa ultrasaundi, wenyewe wanaita eko. Daktari akatugeuzia kioo. "Presha iko," akasema, "ila haiko mkononi. Iko kwenye mapafu."

Mimi kazi yangu ni mashine za boti, nimekaa na pampu tangu nina miaka kumi na sita. Nikamuuliza, kwani mwilini mna presha ngapi? Akasema mbili. Nitaendelea jioni, kuna mtu kaniletea mashine imeingia maji ya chumvi.

PwezaMkavu

Najiweka hapa. Fundi usitukimbie.

Babu_Kipungani

Mwanangu, hiyo ya kuzimia njiani mimi naijua. Marehemu mke wangu alikuwa hivyo. Tuliambiwa ni kifafa.

FundiBoti_Amu

Pole sana babu. Mola amrehemu.

Nimerudi. Daktari alinifafanulia hivi, na nilimrudishia kwa lugha yangu ya kazi akakubali.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana ukuta. Ya kushoto inasukuma damu mwili mzima, kichwa mpaka kidole cha mguu, na ndiyo ile 120 kwa 80 tunayoijua. Ya kulia ina safari fupi, inapeleka damu kwenye mapafu hapo jirani tu. Lililonishangaza ni kwamba zote mbili zinapitisha damu kiasi kilekile, kama lita tano kwa dakika mtu akiwa ametulia. Hakuna tone linalorudi kushoto bila kupita mapafuni kwanza. Lakini ya kulia inaifanya kazi hiyo kwa presha ya wastani kama milimita 14 za zebaki, karibu moja ya sita ya ile ya kushoto. Inawezekanaje? Kwa sababu mishipa ya mapafu ni mingi mno, mipana, myembamba ukuta, na mingine inakaa imelala mpaka uhitajike mtiririko mkubwa, kama unapokimbia. Ndiyo maana mtu anaweza kukatwa pafu moja zima na presha ya kupumzika isipande sana.

Na ndiyo maana ugonjwa huu unajificha. Mpaka uhisi kitu ukiwa umekaa, mishipa mingi imeshaharibika. Mwanzoni unaonekana ngazini tu.

Ile mashine ya mkononi inasoma pampu ya kushoto peke yake. Ya kulia inaweza kuwa inakufa na mkono ukaonyesha 110 kwa 70.

Kwa dada yangu chanzo hakikuwa mapafuni hata kidogo. Alipokuwa na miaka tisa au kumi alikuwa akiumwa koo mara kwa mara. Safari moja baada ya koo akaumwa magoti, yakaacha, vikaja vifundo, vikaacha, vikaja viwiko. Maumivu yanahama. Bibi akamchua kwa mafuta ya uto, akapona, tukasahau. Kumbe ile ilikuwa homa ya baridi yabisi. Kijidudu cha koo, streptokoka, mwili unapopigana nacho silaha zake zinakosea shabaha zinapiga viungo na moyo. Viungo vinapona. Valvu ya moyo, yaani kimlango cha kupitisha damu, inabaki na kovu, na kovu linakaza mwaka baada ya mwaka.

Iliyokaza ni valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, pale damu inapotoka mapafuni kuingia pampu kubwa. Tundu lake kwa mtu mzima huwa sentimita za mraba 4 hadi 6. La dada lilikuwa 0.9.

Wenye boti mtanielewa: egzosi ikiziba, mashine haifi kwa kukosa mafuta, inafia pumzi yake yenyewe. Damu ikikosa pa kutokea inajaa nyuma: chumba cha juu kinavimba, kisha mishipa inayotoka mapafuni, kisha vile vijimishipa vidogo kabisa vinavyozunguka vifuko vya hewa. Hapo maji yanachuja kuingia kwenye pafu. Ndiyo gunia la kifuani, ndiyo mito mitatu. Na mimba inaongeza damu mwilini kwa karibu nusu, kwa hiyo tundu ambalo lilikuwa linavumilika likaacha kuvumilika.

Sasa ile nafuu ya mto mmoja. Nilimuuliza daktari, mbona alipata nafuu? Akanyamaza kidogo. Akasema mishipa inayoingia mapafuni, ile midogo ya upande wa kulia, ilikuwa imechoka kupokea presha hiyo ikaanza kujikaza, na baada ya kujikaza ikaota unene. Ikawa kama valvu ya pili iliyoziba, safari hii mlangoni pa kuingilia. Damu kidogo ikaingia pafuni, maji yakapungua, akalala vizuri. Bei yake ikalipwa na pampu ya kulia, ambayo sasa inasukuma kwenye ukuta. Mkate wa mofa tuliougawa ulikuwa wa jambo hilo.

BintiMambrui

Fundi nimesoma huku mikono inanitetemeka. Nina swali lakini wacha niulize kesho nikitulia.

MwanaShela

Naheshimu maelezo lakini mishipa "kuota unene" ni nini? Mshipa si bomba la plastiki linene lilivyo likabaki hivyohivyo?

SistaMld

Naingilia, samahani fundi. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya watu wazima Malindi miaka 19. Mwana Shela, mshipa ni nyama hai, una tabaka tatu na zote zina akili.

Ndani kabisa kuna utando laini wa seli, tabaka moja tu, unagusana na damu. Huo ndio unaotoa amri. Ukitaka mshipa ulegee unatoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, na kitu kingine kiitwacho prostasaiklini. Ukitaka ukaze unatoa endothelini, ambayo Wajapani waliigundua 1988 na ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu zaidi ya kukaza mshipa vinavyojulikana mwilini. Katika mtu mzima amri hizi zina mizani. Katika presha ya mapafu utando umejeruhiwa, kwa msukumo wa damu au kwa sababu nyingine, na mizani inalala upande mmoja: zile za kulegeza zinapungua, ya kukaza inazidi.

Tabaka la kati ni misuli. Msuli unaokazwa kila siku unakua, kama mkono wa mchukuzi wa bandarini. Mbaya zaidi, endothelini haikazi tu, inauambia msuli uzaliane, ilhali zile mbili nyingine ndizo zilizokuwa zikiukataza. Kwa hiyo misuli inanenepa, tena inatambaa mpaka kwenye vijimishipa vidogo ambavyo havikuwa nayo. Tabaka la nje linajaa nyuzi za kovu, mshipa unakuwa mgumu, hautanuki. Na utando wa ndani wenyewe unaota kovu kuelekea katikati. Wenyeji wa Lamu mmeona nyumba inayopigwa lipu juu ya lipu vizazi vitatu? Kwa nje ni ileile. Kwa ndani kitanda hakiingii tena.

Katika ile aina inayoanzia kwenye mishipa yenyewe kuna hatua ya mwisho, ambapo seli za utando zinazaana bila mpango, zinasokotana kama kitanga cha ukindu kilichoharibika, damu inatafuta vitundu vidogo vidogo humo ndani. Na damu inayopita taratibu sana huganda hapohapo.

Fundi anisahihishe kwenye mabomba, lakini hesabu tuliyofundishwa ni mbaya.

FundiBoti_Amu

Ni mbaya kweli sista. Bomba la urefu uleule, ukilipunguza upana likawa nusu, mtu anadhani upinzani unazidi mara mbili. Unazidi mara 16. Upana unazidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Nimewahi kubadilisha bomba la dizeli kwa lililo jembamba kidogo tu, mwenye boti akakwama karibu na Manda Toto, akarudi kwa tanga. Hakunilipa na nilinyamaza.

MwanaShela

Hiyo ya lipu nimeielewa, chumba cha bibi yangu ndivyo kilivyo. Asante sista.

Kijana_Barabarani

Mnazunguka sana. Dawa ya presha ya mapafu inajulikana, ni ile ya bluu ya wazee wenye wake wanne. Nendeni duka la dawa lolote 😂

FundiBoti_Amu

Cheka, lakini mimi nilifanya hivyohivyo. Kabla ya safari ya Nairobi nilisoma mtandaoni kwamba sildenafili inatibu presha ya mapafu. Nikanunua kwa aibu, nikavifunga kwenye karatasi, vikakaa mfukoni mpaka gati ya Mokowe. Nilikuwa nimpe kimoja pale pale kwa sababu alikuwa anahema. Sijui kilichonizuia. Nadhani ni kwamba mamangu angeniuliza ni dawa gani.

SistaMld

Mshukuru mamako.

Tusikilizane hapa maana ndipo watu wanapouana kwa mapenzi. Ni kweli sildenafili ni dawa ya presha ya mapafu, ilikubaliwa kwa kazi hiyo mwaka 2005. Nitriki oksaidi ikimwambia msuli alegee, inatuma mjumbe ndani ya seli. Kuna kimeng'enya kinachomla huyo mjumbe, na sildenafili inakizuia, basi mjumbe anakaa zaidi na mshipa unabaki umelegea. Inawasaidia wale ambao ugonjwa uko kwenye mishipa midogo yenyewe. Dawa nyingine zinaziba masikio ya endothelini, ya kwanza ni bosentani ya 2001. Nyingine zinaiga prostasaiklini, nazo zilianza 1995 kwa pampu inayotia dawa mshipani usiku na mchana.

Lakini dada yako mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Ukimlegezea mishipa ya kuingilia, damu inamiminika pafuni na haina pa kwenda. Ule mto mmoja ungerudi mitatu kwa saa chache, au asingefika Nairobi. Na mtu anayewekewa vidonge vya naitreti chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, akivichanganya na hiyo ya bluu presha ya mwili inaanguka asiinuke.

Ndiyo maana hatuulizi kwanza "dawa gani", tunauliza "presha imetoka wapi". Madaktari wameigawa katika makundi matano. Inayoanzia moyo wa kushoto ndiyo nyingi kuliko zote duniani, na kwetu Afrika baridi yabisi inachangia sana humo. Kijana, nakuomba ufute ile.

Kijana_Barabarani

Nimeiacha ili watu wasome na jibu lako. Samahani sista.

BintiMambrui

Nimetulia. Swali langu ni la mamangu. Ana miaka 61, ni mama karanga, amekaanga samaki tangu mimi sijazaliwa. Jiko la mawe matatu, kuni, na kuni zikikosekana makumbi ya nazi, na banda lenyewe limezibwa makuti pande tatu kwa ajili ya upepo wa kusi. Anakohoa miaka kumi sasa, hajawahi kuvuta sigara. Siku hizi midomo inakuwa rangi ya zambarau akipanda tu kutoka ufukweni, na miguu imevimba. Hospitali wamesema mapafu yamezeeka. Mimi nimeona "miguu kuvimba" kwenye uzi huu ndiyo nikashtuka. Yeye hana hadithi ya magoti.

SistaMld

Binti, mama hana haja ya hadithi ya magoti. Kuna njia nyingine ya kufika palepale.

Mapafu yana tabia moja ambayo mishipa ya mwili mwingine haina. Mguu ukikosa oksijeni, mishipa yake inapanuka ili damu ije. Pafu ni kinyume: sehemu ikikosa hewa, mishipa ya hapo inajikaza. Wasweden wawili, von Euler na Liljestrand, waliionyesha kwa paka mwaka 1946. Na ni hekima. Damu inakwenda pafuni kuchukua oksijeni. Mwenye punda hampeleki punda wake kwenye jahazi ambalo halina mzigo. Ukiwa na kichomi upande mmoja, tabia hiyo inakuokoa, damu inahamia upande wenye hewa.

Shida ni pale majahazi yote yanapokosa mzigo. Moshi wa miaka thelathini umeunguza njia za hewa na kubomoa kuta za vifuko vyake, na ukuta wa kifuko unapobomoka vijimishipa vilivyokuwa humo vinapotea navyo. Oksijeni iko chini pafu zima, basi mishipa inajikaza pafu zima, usiku na mchana, na baada ya miaka ni lipu ileile niliyoisema. Kulia kunachoka, damu inarudi nyuma, shingo inavimba mishipa, ini linajaa, miguu inajaa.

Simtibu mama kwa simu. Ila akienda tena omba vitu viwili: wambane kidole na kile kifaa cha kupima oksijeni, akiwa amekaa na akiwa ametoka kutembea, na wamwandikie eko. Na banda lifunguliwe upande, upepo uondoke na moshi. Kwa hali hii dawa kubwa ni oksijeni yenyewe na kuacha kuunguza.

BintiMambrui

Kumfungulia banda ni rahisi. Kumtoa kwenye karai ndiyo kazi. Ataniuliza watu watakula nini.

MzaziBarani

Sista na mimi. Mwanangu ana selimundu, miaka 17, anahudhuria kliniki. Amesimama mpira kwa kuhema. Ni hiyohiyo?

SistaMld

Inawezekana, na pia inawezekana ni damu kuwa chini tu, kwa hiyo usiogope kabla ya kipimo. Seli mundu zinapasuka mapema, na ile rangi nyekundu inayomwagika nje ya seli inainyonya nitriki oksaidi, kwa hiyo mishipa inakosa amri ya kulegea. Tena moyo wao unakimbiza damu kwa wingi ili kufidia. Eko huleta shaka kwa karibu theluthi moja ya watu wazima wenye selimundu, lakini wakipimwa kwa katheta wanaothibitishwa ni kama mmoja kati ya kumi, au pungufu. Mpeleke akapimwe siku asiyoumwa, si katikati ya maumivu.

Mvuvi_Kipini

Huku kwetu deltani watoto wengi wanakojoa damu. Nimesikia kichocho nacho kinapanda mapafuni. Kweli?

SistaMld

Kweli, ila si kila kichocho. Cha pwani kwa kawaida ni cha kibofu. Kinachojulikana zaidi kwa presha ya mapafu ni kile cha matumbo, cha huko Ziwa Victoria, ambacho mayai yake yanalitia ini makovu, kisha yanapata njia ya pembeni mpaka mapafuni. Yakinasa kwenye mishipa midogo mwili unayazingira kwa uvimbe. Cha kibofu kitibiwe haraka kwa sababu zake, kinazo za kutosha.

PwezaMkavu

Sista umetaja katheta. Ni nini hiyo na kwa nini eko haitoshi?

SistaMld

Eko inakisia. Inaangalia damu inavyochuruzika kurudi nyuma kupitia valvu ya kulia, inapima kasi yake, inapiga hesabu. Katheta ni mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa shingo au wa paja mpaka moyo wa kulia na kuendelea hadi kwenye mshipa wa mapafu, unaisoma presha humohumo. Wastani ukizidi milimita 20 ndiyo presha ya mapafu. Zamani tulifundishwa 25, iliyowekwa Geneva mwaka 1973. Wataalamu walishusha 2018, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 ukafuata.

Na kwa kuwa mmeniacha niseme: aliyeanzisha ni Mjerumani Werner Forssmann, mwaka 1929 mjini Eberswalde. Wakubwa wake walimkatalia. Akamshawishi muuguzi amtolee vifaa, muuguzi akasema basi nifanyie mimi. Akamfunga mezani kama anamwandaa, kisha akajichoma mkono wake mwenyewe, akasukuma mrija sentimita 65, akatembea nao mpaka chumba cha eksirei wapige picha uko wapi. Ulikuwa moyoni. Alikuja kupewa Tuzo ya Nobel 1956 pamoja na Cournand na Richards. Muuguzi hakupewa kitu. Nalisema hilo kama muuguzi.

Babu_Kipungani

Hahaha. Sista ana kinyongo cha miaka mia.

Fundi, ukatwambia dada kaenda Nairobi. Ikawaje? Usitwache baharini.

FundiBoti_Amu

Naam babu. Fedha kwanza: bima ililipa sehemu, iliyobaki tulichanga, boti ya mjomba ikauzwa mashine yake ya akiba. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, na alivyoshuka tu garini alihema kuliko alivyokuwa Lamu. Sista ameshaeleza sababu. Mimi sikuijua, nikadhani nimemleta kufia ugenini.

Hawakumpasua kifua. Walipita mshipa wa paja na mrija wenye puto dogo, wakatoboa kidirisha kati ya vyumba vya juu, wakalifikisha kwenye valvu, wakalijaza maji likavimba, ile valvu ikaachana pale iliposhikana. Njia hiyo ni ya Mjapani aitwaye Inoue, aliitangaza 1984. Tundu la 0.9 likawa 1.7. Halikurudi 4, na halitarudi.

Presha ya mapafu kwa eko, ile ya juu, ilikuwa 74 kabla. Kesho yake 50. Baada ya miezi mitano 39. Nilimuuliza daktari, mbona haikushuka yote siku moja ilhali tumeshafungua egzosi? Akasema ile iliyoshuka usiku mmoja ilikuwa ya damu iliyojaa nyuma na mishipa iliyokaza. Ile ya miezi ni unene kurudi taratibu. Itakayobaki ni kovu. Laiti tungemleta kwenye mito mitatu, kabla ya mto mmoja, kovu lingekuwa dogo zaidi. Hakusema kwa kunilaumu lakini nilisikia.

Sasa anachoma sindano ya penisilini kila wiki nne, koo lisije likamrudia, na ana kidonge cha kukojoa maji. Ameambiwa asibebe mimba bila kuonana nao kwanza. Ngazi anapanda mpaka juu kwa kusimama mara moja. Anasimama kidato cha saba, na nina hakika siku nyingine anasimama kwa sababu ya kumsikiliza jirani anasema nini.

MwanaShela

Binti yangu wa miaka minane anaumwa koo wiki hii na mimi nilikuwa nimpe maji ya tangawizi nilale. Kesho asubuhi tuko zahanati.

SistaMld

Tangawizi mpe. Zahanati nenda. Na akipewa dawa amalize zote, hata koo likinyamaza siku ya tatu.

BintiMambrui

Nimerudi na habari. Juzi tulibomoa makuti ya upande wa magharibi, moshi unatoka. Jana nikamfikisha mama Malindi, kidole kimesoma 86 akiwa amekaa, na alipotembea mpaka mlangoni na kurudi 79. Yule daktari hakucheka. Eko ni Jumanne.

SistaMld

86 si ya kusubiri Jumanne ukiwa nyumbani, binti. Rudini leo, waulize kuhusu oksijeni, waambie alikuwa 79 kwa kutembea. Eko itamkuta huko huko.

BintiMambrui

Tuko njiani, tuktuk imefika. Amekubali, ila amemwachia karai shangazi na anampigia simu kila dakika tano kumuuliza mafuta yamechemka.

FundiBoti_Amu

Mpe simu yake apige. Ukifika andika hapa, nitakuwa macho.